Programu Iliyofika Garissa kwa Karatasi

Niliwahi kupiga chapa kurasa arobaini na tatu bila kuelewa hata mstari mmoja, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Ninyi vijana mliozoea kompyuta tangu mkiwa na meno ya utotoni mtacheka. Chekeni tu. Mimi nilianza na taipureta, na mwalimu wangu Bi Rukia alitufunika mikono kwa leso ili tusitazame herufi. Alikuwa na rula ya chuma na neno moja tu la kutufundisha: "Usisome unachopiga. Ukisoma utakisahihisha, na hukuajiriwa kusahihisha."

Jina langu ni Dahabo. Nilifanya kazi Garissa, katika ofisi ya shirika lililopeleka dawa na chanjo kwenye zahanati za mbali: Hulugho, Buna, Takaba. Huko hakukuwa na simu. Tulikuwa na simu ya upepo, ile ambayo kwetu tunaiita taar: redio, kipaza sauti, na waya mrefu uliotoka juu ya paa hadi kwenye mgunga ambako makorongo wenye vipara walikaa kutwa wakitutazama. Ukiongea kwenye taar, kila mwenye redio anakusikia. Watu walitangaziana harusi, misiba na bei ya mbuzi hewani, na hakuna aliyejali.

Kisha akaja Kioko, fundi wetu kutoka Machakos, kijana mwembamba asiyekula mpaka kazi iishe. Yeye aliunganisha redio na kompyuta kwa kisanduku kidogo, modemu. Badala ya kupiga kelele "boksi ngapi? rudia, boksi ngapi?" niliandika barua, nikabonyeza, na barua ikasafiri hewani ikilia kama panzi waliofungiwa ndani ya debe. Upande wa pili kompyuta iliipokea na kuigeuza tena maneno. Tulifanya hivyo kila siku saa nane mchana, wakati mji umelala kwa joto.

Mtu wetu wa Hulugho aliitwa Ibrahim, karani wa zahanati, wa umri wangu. Aliniita abaayo, dada, ingawa tulikuwa tumeonana mara mbili tu maishani.

Siku moja, baada ya kutuma barua, nilifungua kipaza sauti kumuuliza Ibrahim kama imefika. Kabla hajajibu, sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa ya mwanamume, ya utulivu, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Garissa," ikasema. "Mstari wa tano, neno la tatu. Umeandika 'chajo'. Chanjo ina N."

Nilitazama kioo. Mstari wa tano, neno la tatu: chajo.

Barua ile ilikuwa haijachapishwa kwenye karatasi. Nilikuwa peke yangu chumbani, Kioko yuko uani na betri zake.

"Nani wewe? Ova," nikauliza.

Hewa ikavuma tu, nikatoka mbio kwenda uani.

Nilipomweleza Kioko, akasema, "Huyo ana modemu kama yetu, na kompyuta, na umeme wa kuiendesha."

"Yuko wapi?"

"Mawimbi hayasemi yametoka wapi, dada. Anaweza kuwa Ijara. Anaweza kuwa hapa nyuma ya soko."

Sauti iliendelea kuja, si kila siku. Haikutukana, haikuomba kitu. Ilisoma barua zangu na kunionyesha makosa yangu. "Leo umeruka nukta." "Tarehe si hiyo, leo ni Jumatano." Kiswahili chake hakikuwa cha huku kwetu. Sisi, mnajua wenyewe, dawa za kupaka tunaziita dawa za kubaka na hatuoni aibu. P yake ilikuwa P kamili. Nilianza kupiga chapa kwa uangalifu nisioujua hata mbele ya rula ya Bi Rukia, nikiogopa kuacha alama itakayomfanya aongee. Siku asipoongea ndipo niliogopa zaidi.

Halafu gari letu likavamiwa njia ya Hulugho. Dereva wetu Dubow alirudi baada ya siku mbili, amepanda lori la mkaa, miguu mitupu imevimba. Tulimpa chai. Alishika kikombe asinywe.

"Walijua jina yangu," alisema. "Bado sijasimama gari, mmoja anasema, 'Dubow, shuka, leo umebeba boksi kumi na mbili.' Wallahi mimi mwenyewe nilikuwa sijahesabu."

Mimi ndiye niliyekuwa nimehesabu. Kumi na mbili, niliandika, na jina la dereva, na saa ya kuondoka.

Kama mwenye sauti ndiye aliyewaambia, au kulikuwa na masikio mengine kando ya yake, sijui mpaka leo. Lakini meneja alisema barua hewani zikome, na Kioko akasema hapana, zifungwe. Akanieleza: kuna programu inayochukua barua yako na neno la siri, ikaichanganya hata isomeke kama takataka, na mwenye neno lile tu ndiye anayeweza kuirudisha.

Sasa sikilizeni hapa, maana ninyi mnaipata bure bila kujua. Kompyuta yetu iliendeshwa na mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutazama ndani, kuunakili na kumpa jirani. Ulitoka Amerika kwenye CD, na Kioko aliupenda kama mtu anavyopenda ngamia wa maziwa. Akaingiza CD akatafuta folda ya programu ya kufungia barua. Folda ilikuwepo. Ndani yake hamkuwa na kitu ila maelezo ya mistari mitano, naye akanitafsiria: sehemu hii imetolewa, kwa sababu sheria ya nchi tulikoutengeneza inaihesabu pamoja na silaha, na silaha hazivuki mpaka bila kibali.

"Silaha?" nikamwuliza. "Kitu cha kuandikia barua?"

"Ndivyo walivyoandika."

Nilitazama ile folda. Kila kitu kingine cha mfumo kilikuwa mahali pake, kimepangwa vizuri, isipokuwa pale. Ni kama kuonyeshwa nyumba mpya nzima na kukuta mlango wa mbele umeng'olewa na fundi mwenyewe, akaacha karatasi ya kuomba radhi. Na nje, mtu anapita.

Kulikuwa na nchi nyingine zilizoitoa programu ile bila kikwazo, lakini ilitakiwa kuvutwa kwa mtandao, na laini ya simu ya Garissa siku hizo ilikatika ukikohoa. Kioko akamwandikia rafiki yake wa shule aliyekuwa akisoma Amerika. Jibu lilichukua wiki saba, likaja ndani ya bahasha nene ya kaki iliyofunguliwa na kubandikwa tena njiani. Hapakuwa na diski. Palikuwa na kurasa arobaini na tatu, na kijikaratasi: sheria inanikataza kutuma diski, hainikatazi kutuma maandishi. Kilichochapishwa kwenye karatasi kinahesabiwa kama kitabu. Tafuteni mtu wa kukipiga chapa.

Kioko alinitazama. Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilichukua siku kumi na moja. Kurasa za mwanzo zilikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyovunjikavunjika na mabano yasiyo na mwisho. Baada ya hapo zikaja kurasa za namba tupu, safu kwa safu, zisizo na mpango wowote, na Kioko akasema uzuri wake ni huo, kwamba hazina mpango. Mama yangu alikuja ofisini kuniletea chakula, akasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini?"

"Sijui, hooyo."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ili mtu fulani asitusikie."

Akasoma dua chini kwa chini, akanipulizia utosini, akaondoka bila kungoja vyombo. Alidhani ninaandika hirizi. Sikuwa na neno la kumbishia.

Kosa langu kubwa la kazi ni la wiki ile, na mtalicheka vizuri. Taipureta zetu za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Bi Rukia alitufundisha kutumia herufi ya L ndogo, kwenye karatasi zinafanana. Vidole vyangu havikusahau. Kurasa zote arobaini na tatu nilikuwa nimeweka L mahali pa moja, na O mahali pa sifuri kila ilipokuwa karibu zaidi na kidole. Kioko aliiendesha programu, ikamtemea makosa kioo kizima mpaka chini, mpaka chini tena. Alipogundua sababu aliweka kichwa mezani. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanatetemeka. Tulirudia ukurasa kwa ukurasa. Chini ya kila ukurasa palikuwa na namba ya kuhakikia, na kompyuta ilikataa kutulia mpaka namba ya kwangu ilingane na ya kwenye karatasi. Kwa hiyo nawaambia: kompyuta haijui mnamaanisha nini. Inajua mlichoandika.

Kioko aliipachika ndani ya mfumo wetu, akanakili diski za Buna, Takaba na Hulugho. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliyekuwa akitafuta bunduki na sukari ya magendo aliishika diski moja, akaitikisa sikioni, akamrudishia Dubow. "Peleka kipuri chako cha redio," akasema. Miaka kadhaa baadaye wenye sheria waliilegeza, na CD mpya ikaja na ile folda imejaa. Niliifungua. Nilipofika kwenye namba, vidole vyangu vilizijua kabla ya macho.

Maneno ya siri yalikuwa kazi yangu. Nilipiga chapa orodha, neno moja kwa kila wiki, nakala kwa kila kituo, zikapelekwa kwa mkono na gari. Sheria zangu zilikuwa tatu, nami nilizisimamia kwa ukali wa aliyewahi kuumwa na nyoka: neno lisitamkwe hewani kamwe, neno lisitumike wiki mbili, neno likiisha kazi, lichomwe.

Siku ya kwanza ya barua iliyofungwa, nilituma saa nane. Nilifungua kipaza sauti. Kisha sauti ikaanza.

"K," ikasema. "Saba. R ndogo. R kubwa. Alama ya kuongeza. Q."

Aliisoma barua nzima. Herufi kwa herufi, bila haraka, kama mtu anayesoma majina ya waliokufa. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Kioko alifurahi, alipiga meza: "Hajui! Hajui kitu!" Mimi sikufurahi. Nilikaa pale na mikono yangu mapajani nikimsikiliza, maana nilijua kazi ile. Nilikuwa nimeifanya siku kumi na moja. Magari yetu hayakuvamiwa tena, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini kila siku saa nane yule mtu alisoma, na hakuwa na la kunisahihisha.

Basi ukaja mwaka ule mvua ilipokataa kukatika. Mto Tana ulipanda mpaka ukaingia mashambani, barabara zikawa maziwa, ngamia walikufa wamesimama kwenye tope. Gari halikuweza kufika Hulugho kwa wiki nyingi. Orodha ya Ibrahim ikaisha.

Ilikuwa Jumatatu. Kompyuta ilipokea barua kutoka kwake, nikaweka neno la mwisho la orodha, ikatoka takataka. Nikafungua kipaza sauti.

"Hulugho, hii ni Garissa. Barua imefika lakini haifunguki. Umetumia neno gani? Ova."

Alichelewa kujibu, na alipojibu sauti yake ilikuwa kavu. "Orodha imekwisha, abaayo. Nimetunga neno langu. Nimelitia kwenye bahasha, nimempa mfanyabiashara wa ngamia anayekuja huko. Iko njiani."

"Njia imefungwa, Ibrahim. Rudia kwa neno la zamani, mara hii tu."

"Nimeyachoma. Si ulisema tuyachome?"

Na mimi nilikuwa nimeyachoma yangu, isipokuwa lile la mwisho, nalo halitamkwi hewani.

"Basi niambie kwa mdomo umeandika nini."

Akakohoa. Alikohoa kwa muda. "Si mambo ya hewani," akasema. "Kuna mgeni. Wewe ndiye ulinifundisha, Dahabo. Ngoja bahasha."

Ningeweza kumlazimisha. Ningeweza kusema, mwache mgeni asikie, niambie. Nawaambia ninyi nisichomwambia Kioko siku ile: nilifurahi. Nilijisemea, huyu ndiye mwanafunzi wangu bora, ameshika sheria zote tatu. Nikasema, "Haye, nitangoja. Ova na mwisho."

Siku ya nne, aliyekuja hewani kutoka Hulugho alikuwa msaidizi wa zahanati. Alisema Ibrahim alishikwa na homa tangu wiki iliyopita, na walikuwa wamemzika asubuhi.

Bahasha ilifika baada ya mwezi. Yule mfanyabiashara alikuwa amevuka maji na mzigo kifuani. Wino ulikuwa umetawanyika wote, karatasi imekuwa ya buluu pande zote mbili, kama kipande cha anga. Kioko alijaribu kila neno tuliloweza kufikiria: majina ya watoto wake, ya ngamia wake, ya visima. Mimi nilijaribu jina langu, naona haya kulisema. Programu haikatai, mnajua. Ukiipa neno lisilo lake inakupa takataka nyingine, kila mara mpya, kwa adabu ileile. Nilikuwa nimeiandika kwa mikono yangu na haikunijua.

Lakini kabla ya bahasha, siku ya pili baada ya maziko, saa nane, sauti ilikuja. Haikusoma barua ya siku ile. Ilirudi kwenye ile ya Jumatatu, barua ya Ibrahim. T. Nne. Nne. G ndogo. Ilifika katikati ikasimama.

"Garissa," ikasema. "Hii imeandikwa nini?"

Haikuwahi kuuliza kitu kabla ya siku hiyo. Kioko alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa: usijibu. Nilibonyeza kitufe.

"Hata sisi hatujui," nikasema. "Aliyeiandika amekufa, na neno lake hatunalo."

Hewa ilivuma. Niliona makorongo nje wakinyoosha shingo, sijui wameona nini.

"Yule bwana wa Hulugho," sauti ikasema mwishowe. "Kabla hamjaanza kufunga, alikuwa anaandika salamu ndefu kabla ya kazi. Wengine wote mnaanza na boksi. Yeye anauliza mvua, anauliza mama yako. Nilikuwa nazisoma zile."

Nilishika kitufe, kisha nikakiachia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," ikasema, taratibu, kila herufi mahali pake. Kikasikika kitu kama swichi.

Hakurudi tena. Nilifungua kipaza sauti saa nane kila siku mpaka nilipostaafu, na hewa ilikuwa hewa tu.

Wiki ile ile niliongeza sheria ya nne, na hii ishikeni hata mkisahau mengine yote. Kila neno la siri liwe na nakala, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa mtu wa pili unayemwamini, mji mwingine. Na mtu akikohoa hewani, muulize anaumwa nini kabla hujamuuliza neno.

Njia ilipokauka nilikwenda Hulugho na Dubow. Mke wa Ibrahim alitupokea chini ya turubai, mtoto mgongoni. Nilimpa karatasi niliyoichapisha, barua yenyewe, mistari kumi na tisa ya herufi zisizo na maana. Hakujua kusoma, kwa hiyo kwake haikuwa tofauti na barua nyingine yoyote. Aliipitishia kidole kutoka juu hadi chini.

"Aliniambia anakuandikia wewe," alisema kwa Kisomali. "Nilimwambia aombe dawa na gari. Akasema sawa. Sasa niambie, aliomba?"

Dubow alitazama kwato za mbuzi kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimesafiri siku nzima nikipanga uongo mzuri, nao ulikuwa tayari mdomoni.

"Sijui," nikamwambia.

Alinitazama, mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Kisha akaikunja karatasi, akanirudishia, akaenda kututengenezea chai.